Nani Alivumbua Koti la Mvua? Tuongee Ukweli

Wengi watakuambia ni Charles Macintosh, Mskoti wa Glasgow. Sawa. Mwaka wa 1823 aliandikisha uvumbuzi wake: aliyeyusha mpira kwa nafta, akaupaka katikati ya vitambaa viwili. Maji hayapiti. Lakini manze, makoti yenyewe yalikuwa na mambo! Yalinuka, yalikakamaa kwenye baridi, yakanata kwenye joto. Na pale sindano ya fundi ilipotoboa, mvua nayo iliingia.

Sasa cheki Alaska. Kitambo sana kabla ya Macintosh, wanawake wa jamii za Yup'ik na Unangan walikuwa washashona makoti ya utumbo wa sili, mepesi na yasiyopitisha maji. Walitumia uzi wa kano za wanyama, ambao ukilowa huvimba na kuziba tundu la sindano. Wanaume walienda nayo baharini kuwinda, kwa mtumbwi mwembamba. Kulowa kwenye baridi ile ni kifo, kwa hivyo mshono mmoja mbaya ungemuua mtu.

Uingereza hadi leo koti la mvua linaitwa kwa jina la Macintosh. Wale akina mama? Hatujui jina la hata mmoja. Ndiyo maana nikisikia "mvumbuzi wa kwanza" huwa nauliza: wa kwanza kuvumbua, ama wa kwanza kuandikisha?