Usawa wa Sheria na Umoja wa Watu: Funzo kutoka Mpira wa Kikapu

Mwenye duka akimshinda jirani yake hadi jirani huyo akafunga biashara, hubaki na wateja wote. Timu ya mpira wa kikapu ikizishinda nyingine hadi zikafa, haibaki na wa kucheza naye. Katika ligi, wapinzani huhitajiana. Historia ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, yaonyesha jinsi wapinzani walivyotafuta sheria za kuishi pamoja, na pia mahali ambapo uwezo wa sheria hukoma.

Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 1946, ikapata jina lake la sasa mwaka 1949. Tangu 1947 ilikuwa na utaratibu wa kugawana wachezaji wapya kwa zamu, timu dhaifu zikitangulia kuchagua. Nia ilikuwa njema, ila haikutosha. Mwaka 1956 Boston Celtics waliwapa St. Louis Hawks wachezaji wawili ili wapate zamu yao, na kwa njia hiyo wakampata Bill Russell. Kati ya 1957 na 1969 Boston walitwaa mataji 11 katika misimu 13, manane kati ya hayo yakiwa mfululizo.

Jiulize sasa: ni nani aliyegharimia utaratibu huo? Ni mchezaji. Kijana aliyechaguliwa hakuwa na hiari ya kuamua mji wala mwajiri, na hata mkataba wake ulipokwisha, timu iliendelea kumshikilia. Mwaka 1964, mjini Boston, wachezaji nyota walikataa kuingia uwanjani kwa mchezo wao wa mwaka, ilhali televisheni ilikuwa tayari kuurusha, mpaka walipoahidiwa pensheni. Mwaka 1970 chama chao, kikiongozwa na Oscar Robertson, kilifungua kesi mahakamani. Suluhu ilipatikana mwaka 1976, na mlango wa kuhama baada ya mkataba ukaanza kufunguka.

Uhuru huo ulizaa hofu mpya. Ikiwa mchezaji aweza kwenda atakako, je, matajiri hawatawanunua wote? Mwaka 1983 wamiliki na chama cha wachezaji walikaa mezani wakakubaliana. Wamiliki walipata ukomo wa mishahara, ulioanza msimu wa 1984-85 kwa dola milioni 3.6 kwa kila timu. Wachezaji nao walihakikishiwa asilimia 53 ya mapato. Tazama vyema mapatano hayo: kila upande uliachia kitu na kupata kitu. Sheria iliyotungwa hivyo huheshimiwa kuliko amri iliyoshushwa kutoka juu.

Hata hivyo, ukomo huo ulikuwa na mianya, hasa ule ulioiruhusu timu kuuvuka ili imbakize mchezaji wake yenyewe. Katika miaka ya 1980 hadi 1989, Los Angeles Lakers na Boston Celtics walichukua mataji manane kati ya kumi.

Twende sasa mwaka 2004. Lakers walikuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, wakawaongeza Karl Malone na Gary Payton, wakongwe waliokuja kutafuta ubingwa. Katika fainali walikutana na Detroit Pistons. Ben Wallace wa Detroit hakuchaguliwa na timu yoyote alipotoka chuoni. Chauncey Billups alikuwa amezunguka timu kadhaa kabla ya kutulia hapo. Rasheed Wallace alifika katikati ya msimu uleule. Chini ya kocha Larry Brown, walikabana kwa pamoja na kupasiana bila choyo, wakashinda michezo minne kwa mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vinne vyenye pete za dhahabu navyo havivunji, visipokutana.

Msomaji wangu, usiseme basi kwamba sheria hazina maana. Kuanzia 2019 hadi 2025, misimu saba ilitoa mabingwa saba tofauti. Sheria hugawa nafasi, ili mtoto wa mji mdogo naye aitazame timu yake akiwa na tumaini. Lakini hakuna ibara iwezayo kumlazimisha mtu kumwamini mwenzake. Imani hiyo hujengwa mazoezini, siku baada ya siku, na watu wenyewe.

Tangu 2021 Afrika nayo ina ligi yake ya mabingwa wa kikapu, ambayo msimu wake wa kwanza ulichezwa Kigali. Utakapoitazama, usihesabu vikapu pekee. Uliza ni nani alizitunga kanuni zake, ni nani alishauriwa, na ni nani anayebeba gharama yake. Kisha uliza maswali hayohayo kuhusu chama cha wanafunzi shuleni kwako.