Mfadhili wa Shakespeare alipohukumiwa kifo

Wengi wetu tulimfahamu Shakespeare kupitia kwa Mwalimu Nyerere, aliyetutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Lakini jamani, nani alimlisha Shakespeare mwenyewe? Maana mshairi naye ana tumbo. Leo nawaletea habari za Henry Wriothesley, Earl wa tatu wa Southampton. (Jina hilo lisiwasumbue, hata Waingereza wenyewe wanabishana namna ya kulitamka.)

Alizaliwa mwaka 1573. Akiwa na miaka saba baba yake akafariki, naye akarithi cheo na mashamba na kuwekwa chini ya ulezi wa Lodi Burghley, mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mlezi akataka kumwoza mjukuu wake. Kijana akagoma katakata! Habari za wakati ule zilisema mgomo huo ulimgharimu faini ya pauni 5,000, na kwa enzi zile hiyo ni mali ya kutisha.

Wakati huo huo tauni ilikuwa inaimaliza London. Kuanzia 1592 majumba ya maigizo yalifungwa kwa vipindi virefu, na mwandishi wa michezo asiye na jukwaa ni sawa na mvuvi asiye na bahari. Shakespeare akageukia ushairi. Mwaka 1593 alichapisha Venus and Adonis, na tabaruku akaielekeza kwa huyu bwana mdogo wa miaka 19. Mwaka uliofuata akatoa The Rape of Lucrece, tabaruku kwa bwana yule yule, safari hii kwa maneno ya upendo zaidi. Sisi waandishi tunaijua bahasha, kwa hiyo mimi naona wazi kwamba kati ya tabaruku ya kwanza na ya pili kuna kitu kiliingia mfukoni. Ipo hadithi kwamba alimpa pauni 1,000, lakini ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1709, miaka 93 baada ya Shakespeare kufa. Mimi siiamini. Kabaila mwenye faini shingoni hagawi fedha namna hiyo.

Mwaka 1598 alimuoa kwa siri Elizabeth Vernon, mmoja wa wasichana waliomhudumia Malkia, tayari akiwa mjamzito. Malkia akawaka, bwana na bibi wote wakaonja kifungo. Baada ya hapo Southampton akajishikamanisha na rafiki yake Earl wa Essex, aliyekuwa ameanguka kutoka kwenye mapenzi ya Malkia, na vikao vya njama vikawa vinafanyika Drury House, alikokuwa akiishi Southampton.

Hapa ndipo pananivutia kuliko pengine pote. Tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wa Essex waliwalipa waigizaji wa kundi la Shakespeare shilingi 40 zaidi ya malipo ya kawaida, ili waonyeshe mchezo wa Richard wa Pili, ambamo mfalme anavuliwa taji. Waigizaji walilalamika kuwa mchezo umechakaa, nani atakuja? Lakini fedha ni fedha, wakaigiza. Kesho yake Essex na Southampton wakaingia mitaani London kuwaita wananchi waasi. Wananchi wakabaki majumbani mwao. Siku 11 baadaye wote wawili walihukumiwa kifo kwa uhaini.

Na waigizaji je? Mmoja wao alihojiwa, akaeleza habari za zile shilingi 40, basi. Tarehe 24 Februari kundi lile lile liliigiza mbele ya Malkia. Asubuhi iliyofuata Essex akakatwa kichwa. Southampton aliponea chupuchupu: Robert Cecil, mwana wa yule mlezi wake wa zamani, alimwombea, adhabu ikawa kifungo cha maisha katika Mnara wa London. Ipo picha yake ya kuchorwa ya mwaka 1603, yuko gerezani amevaa nyeusi, na paka wake anatutazama kwa dharau.

Mwaka huo huo Malkia alifariki, na Mfalme James akamfungulia. Siasa hakuacha. Mwaka 1620 alishika uongozi wa Kampuni ya Virginia, iliyokuwa ikiendesha koloni la Waingereza Marekani. Mwaka mmoja kabla, Waafrika wapatao 20 waliotekwa Angola walikuwa wameshushwa huko na kuuzwa. Wasifu mwingi wa "mfadhili wa sanaa" huupita ukurasa huo haraka haraka. Mwaka 1624 Mfalme aliivunja kampuni hiyo.

Mwaka 1623 rafiki zake Shakespeare walipochapisha michezo yake katika kitabu kimoja kikubwa, tabaruku iliwaendea ndugu wawili makabaila, Pembroke na Montgomery. Southampton alikuwa bado hai. Mwaka uliofuata alikwenda na mwanawe mkubwa kupigana Uholanzi. Homa ikamchukua kijana kwanza, na siku chache baadaye, tarehe 10 Novemba 1624, ikamchukua baba. Walizikwa pamoja Titchfield.