Mnazi wangu, ardhi yako

Kwetu pwani mtu aliweza kuwa na mnazi bila kuwa na ardhi uliposimama. Asiyelijua hilo hatuelewi tunapolalamika kwamba Malindi inapanuka na kutufuata huku Kakuyuni. Anadhani tunachukia maendeleo.

Mambo yalianzia kwenye Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Serikali ya kikoloni iliwataka watu wa ukanda wa pwani wajitokeze kudai mashamba yao. Mabwana wa mjini walidai na wakapewa hati. Wagiriama wengi hawakudai, maana kwao ardhi ilikuwa ya mbari; mtu angesimamaje peke yake kuiita yake? Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Mwaka 1914, Wagiriama walipokataa kutoa vijana wa kazi, ikapigwa vita, Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ikalipuliwa kwa baruti, na waliokuwa wakilima kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa wahame. Kilichomsalia mtu mkononi ni mti. Ukiupanda ni wako: unaurithisha, unauweka rehani, unauuza, hata kama udongo una jina la mwingine.

Hawe wangu, mzaa mama, alilea watoto kwa minazi ya namna hiyo, nami nikarithi kazi yake ya makuti. Kuna makuti ya kumba, yaani jani linasukwa lilivyo, hayo ni ya ua na choo. Ya kuezekea ni ya viungo. Unachambua majani, unakunja moja moja juu ya kijiti, kila moja limlalie mwenzake, kisha unashona kwa mwaa uliolowekwa maji. Ukilegeza, mvua ya masika itakuaibisha kwa mwenye nyumba.

Na mji ndio uliotulisha, nisiwe mnafiki. Hoteli zilianza kujengwa ufuoni Malindi miaka ya 1930. Waitaliano walikuja miaka ya 1960 na kituo chao cha setilaiti kule Ngomeni, wakafuatwa na watalii wa kwao, na kila mtalii alitaka kulala chini ya makuti. Paa la makuti halidumu miaka mingi, kwa hivyo mteja alirudi mwenyewe. Makuti yalilipa karo za shule nyingi hapa.

Mji huohuo sasa unataka udongo. Dalali anakuja na kamba na vigingi, anakata shamba ploti ndogo ndogo, na hati anayoonyesha haisemi lolote kuhusu minazi. Akiwa muungwana, anahesabu miti na kukulipa kidogo. Asipokuwa, unasikia msumeno asubuhi. Mnazi mrefu wa kienyeji hukaa miaka sita, saba, hata zaidi, kabla ya kuzaa. Hakuna fidia niliyoiona inayohesabu miaka hiyo. Mgema naye anapoteza minazi yake, na mangwe, vilabu vya kunywea tembo la mnazi, yanafungwa kwa sababu majirani wapya hawataki kelele za walevi. Kelele za bodaboda na vipaza sauti wanazivumilia vizuri tu.

Maji je? Visima vya Baricho, kule Lango Baya kando ya Sabaki, vinanywesha Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Sisi tulio karibu na mto kuliko hao tunanunua mtungi. Zamani familia chache ziligawana kisima kimoja wala hapakuwa na ugomvi. Leo ploti zimejaa wapangaji, na vyoo vya shimo vinachimbwa hatua chache kutoka kisimani, maana ploti haina pa kukimbilia.

Nyumba hizo mpya zinaezekwa mabati. Hata hoteli nyingine zimeanza kuweka makuti ya plastiki, eti hayashiki moto upesi, na kwa hilo siwezi kuwabishia. Bado wapo wanaotaka yetu. Juzi mteja wa Watamu aliniomba makuti ya banda zima. Nikamwambia majani sina, ajaribu Kaloleni kwenye minazi mingi. Akasema, “Mama, huko ndiko ninakotoka.”