Mwambuko wa Mielini

Mielini ni utando wenye mafuta mengi unaoviringishwa, tabaka juu ya tabaka, kwenye aksoni, yaani ule uzi mrefu wa seli ya neva unaopeleka habari. Jina hilo lilitungwa na Rudolf Virchow mwaka 1854 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uboho. Mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Uru, mkoani Kilimanjaro, ameshaiona picha yake nyumbani. Mgomba wa kihambani ukikatwa kwa panga, kile kinachodhaniwa kuwa mti huonekana ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, na katikati mna moyo mweupe. Maganda ni mielini, moyo ni aksoni. Ila mielini haifuniki uzi wote: huacha nafasi ndogondogo ziitwazo vifundo vya Ranvier, na umeme wa neva huruka kifundo hadi kifundo. Kwa kuruka huko neva nene hufikia kasi ya mita 120 hivi kwa sekunde, ilhali uzi usio na mielini hujikokota kwa mita moja au mbili.

Kwa utando huo Kiswahili kina neno tayari: ala, kama ala ya kisu. Ugumu huanza pale ugonjwa unapoila ala na kuuacha uzi. “Kupotea kwa mielini” si kosa, lakini hakusemi inapoteaje. “Kuvuliwa” kunafanya ala itoke nzima kama shati. Neno linalofaa zaidi ni kuambuka. Gome huambuka mtini na rangi huambuka ukutani, kipande hapa, kipande pale, na kilicho ndani kinabaki kimesimama. Hapo ndipo hupatikana mwambuko wa mielini, kwa kanuni ileile iliyozaa mpasuko kutokana na pasuka.

Neno neva nalo lina sababu ya kutetewa. Wodini husikika zaidi “mshipa wa fahamu”, na mgonjwa hulielewa. Lakini mshipa ni wa damu pia, na kwa wengi ni ngiri. Fahamu nayo hupotosha: mgonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa unaoambua ala za neva za nje, aweza kushindwa hata kupumua huku akili yake ikiwa timamu kabisa, na ndugu walioambiwa kwamba mishipa yake ya fahamu imeugua wakadhani amepoteza fahamu. Kitabuni iandikwe neva. Kitandani yaelezwe yote mawili.

Neva za fuvu ni jozi 12. Ya 2, ya kuona, ni ya pekee kwa jambo moja kubwa: ala yake hutengenezwa na seli za oligodendrosaiti, kama ilivyo ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Kuanzia ya 3 kwenda mbele, kazi hiyo hufanywa na seli za Schwann. Ndiyo maana maltipo sklerosisi, ugonjwa wa ala za oligodendrosaiti ulioelezwa na Charcot mjini Paris mwaka 1868 na ambao ni adimu karibu na ikweta, hupenda kuanza kwa jicho moja kufifia na kuuma likigeuzwa. Jicho hilo likimulikwa tochi, mboni zote mbili husinyaa kivivu, kwa sababu habari huingia kwa neva ya 2 na amri hutoka kwa ya 3. Guillain-Barré hushambulia ala za Schwann. Huweza kuupooza uso pande zote mbili kupitia neva ya 7, hata pamba ikigusa konea jicho lisifumbe, ingawa neva ya 5 imeihisi.

Refleksi, yaani mwitiko wa mwili usiongoja hiari, ndiyo hutenganisha magonjwa haya. Mwambuko ukiwa katika uti wa mgongo, nyundo ikigonga chini ya goti mguu hurushwa kupita kiasi. Ukiwa katika neva za nje, mguu hulala kimya.

Refleksi kali peke yake haithibitishi mwambuko. Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha walikakamaa miguu ghafla. William Howlett, daktari wa neva aliyefanya kazi hospitali ya KCMC, jirani na Uru, pamoja na wenzake walithibitisha kuwa ni konzo, jina litokalo kwa Wayaka wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Konzo hutokana na sianidi ya mihogo, hudhuru njia za neva zitokazo ubongoni, na haiponi.

Mwambuko una nafuu ambayo konzo haina. Aksoni ikiwa imesalimika, seli za Schwann huiviringisha upya, na wagonjwa wengi wa Guillain-Barré hutembea tena baada ya miezi. Ala mpya huwa nyembamba kuliko ile ya kwanza, na vipande vyake huwa vifupi.