Mti Usio na Namba

Ukishuka matatu Kaptagat na kufuata ile njia ya vumbi wanayokimbilia wanariadha asubuhi, baada ya dakika ishirini hivi utafika mahali ambapo saipresi zimepigwa rangi. Kila shina lina namba nyekundu. Maana yake mti umeshapimwa unene, umeshakadiriwa utatoa mbao kiasi gani, na kuna mtu mahali anasubiri kibali aje na msumeno wa injini.

Mwezi Januari, katikati ya safu hizo, nilikuta mti mmoja ambao haukuwa na namba. Gome jeusi lililopasukapasuka, majani yanayong'aa, na upande mmoja wa shina umechunwa hadi mbao zinaonekana. Nilipiga picha nikamtumia kogo, bibi yangu, kupitia simu ya binamu. Jibu lilirudi kwa sauti: "Lakwet, hiyo ni tendwet. Nani ameichuna?"

Tendwet kwetu, muiri kwa Wakikuyu, mwiritsa kwa Waluhya. Wanasayansi wanauita Prunus africana. Kwenye Orodha Nyekundu ya dunia, ile ya shirika la IUCN, uko kwenye ngazi ya kwanza kati ya tatu za hatari. Mimi niliposoma hivyo nilijiuliza swali la kijinga: wamejuaje? Nani alihesabu?

Swali halikuwa la kijinga sana. Orodha hiyo ilianza 1964, lakini vigezo vya namba vilikuja 1994. Kigezo kinachotumika sana kinauliza spishi imepungua kiasi gani ndani ya miaka kumi au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi. Asilimia 30, ngazi ya kwanza. Hamsini, ya pili. Themanini, ya tatu, na baada ya hapo ni kaburi. Kwa panya, vizazi vitatu ni juzi. Kwa mti unaoweza kuishi zaidi ya karne moja, vizazi vitatu vinakurudisha kabla ya reli, kabla ya Sisibo yenyewe, yaani kabla ya mji huu kuwa namba ya shamba, 64, kinywani mwa Wakalenjin. Kwa hivyo mtu wa misitu anayetaka kuipima tendwet leo anahitaji daftari la zamani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikusomea misitu, lakini madaftari ya zamani nayapenda. Nikaanza kutafuta.

Daftari lipo. Shida ni kile lilichoandika.

Idara ya Misitu ya wakoloni ilianzishwa 1902. Mwaka 1909 David Hutchins, mkuu wa misitu wakati huo, alitoa ripoti ndefu kuhusu misitu ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Jicho lake ni la mfanyabiashara mwenye mapenzi ya miti: anaona mwangati, tarakwet yetu, mti wa kutengenezea penseli, anaona podo, anapiga hesabu ya thamani yake. Makaburu walikuwa wamefika uwanda wa Uasin Gishu mwaka mmoja tu kabla, 1908, wakakuta nyasi hadi macho yachoke, misitu ikiwa pembezoni. Reli ilifika Eldoret 1924 ikipitia Timboroa, mita 2,700 na zaidi juu ya bahari, na injini zilikuwa zinakula kuni. Mikaratusi ikapandwa kulisha injini. Miwati kutoka Australia ikapandwa kwa ajili ya gome la kulainishia ngozi, na kampuni ya EATEC ikaifanya biashara ya mji mzima. Saipresi na misonobari kutoka Mexico ikaja kwa mbao.

Na nani alipanda? Hapa ndipo babu zetu wanaingia kwenye hadithi. Kulikuwa na mpango ulioitwa shamba, kwa Kiswahili hivyo hivyo, hata kwenye ripoti za Kiingereza. Msitu wa asili unakatwa, familia inapewa kipande, inapanda mahindi na viazi na huku inatunza miche ya serikali. Baada ya miaka michache miche inafunika mahindi, familia inahamishiwa kipande kingine. Mbinu nzuri sana ya kupata msitu bila kulipa vibarua vya kueleweka. Kila kitalu kikaandikwa: mwaka wa kupandwa, aina, eneo, ujazo unaotarajiwa. Kile kilichosimama pale kabla ya kukatwa hakikuwa na safu yake kwenye jedwali, isipokuwa kama kilikuwa na soko.

Ndiyo maana tarakwet tunaweza kuifuata kwenye karatasi na tendwet hatuwezi. Soko la tendwet lilichelewa. Mwaka 1966 Mfaransa mmoja alipata hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome lake, na kuanzia hapo gome likaanza kusafirishwa kutoka Cameroon, Madagascar na hapa Kenya. Ukichuna upande mmoja kwa adabu, mti unaweza kupona. Ukizungusha kisu shina lote, umeua. Kufikia 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa CITES. Yaani tulianza kuuhesabu mti huu ulipoanza kuuzwa kwa kilo.

Hesabu ya aina nyingine ilijaribiwa. Rais alipiga marufuku ukataji wa miti ya asili 1986, na mapema miaka ya 1990 mradi ulioitwa KIFCON, kwa pesa za Uingereza, ulituma watu kwenye misitu ya asili ya Kenya kuandika mimea, ndege na wanyama. Hiyo ndiyo picha ya kwanza pana tuliyo nayo. Lakini mradi ulikuwa wa misitu ya asili. Tendwet iliyobaki peke yake ndani ya kitalu cha saipresi haikuwa huko wala huku. Hata elimu ya misitu ilikuwa imekaribia hivyo: Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza 1984, wanafunzi wake wa kwanza, 83, walitolewa idara ya misitu ya Nairobi, wakaja Kesses kwenye ardhi iliyokuwa ya miwati.

Na sio miti tu. Kuna ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, Macronyx sharpei, anayeishi Kenya pekee, kwenye nyasi za nyanda za juu. Yuko ngazi ya pili ya hatari. Huyu haumizwi na kukatwa kwa miti, anaumizwa na kupandwa. Kila nyasi inapogeuzwa kuwa mikaratusi, nyumba yake imeenda. Serikali inataka miti bilioni 15 na asilimia 30 ya nchi iwe chini ya miti ifikapo 2032. Sipingi kupanda, hata mimi nimeshika jembe kwenye hizo siku za picha. Lakini tathmini ya taifa ya 2021 ilipotuambia miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, mti wa Mexico na tendwet vyote viliingia humo kama kitu kimoja, na ndege wa nyasi alikuwa nafasi tupu inayongoja kujazwa.

Kuna daftari lingine ambalo halikuandikwa, nalo liko vichwani mwa watu. Januari 2014 walinzi wa misitu walichoma nyumba za Wasengwer kule Embobut, kwenye milima ya Cherangani, kwa jina la kuhifadhi chemchemi za maji. Ukitaka kujua mti fulani ulikuwa unaota wapi wakati wa baba ya babu, hao ndio wa kuuliza. Unamfukuza shahidi, halafu unaajiri mtaalamu aje akisie ushahidi.

Marufuku ya ukataji iliyowekwa Februari 2018 iliondolewa na rais Julai 2023, kwamba miti iliyokomaa inaozea msituni. Binamu yangu anafanya kazi kwa yadi ya mbao hapa mjini. Ile miaka mitano alikula kwa shida, siwezi kumwambia msumeno ni dhambi. Lakini saipresi ya tani kadhaa ikianguka, inaangukia kitu.

Nilirudi Kaptagat Machi na skauti wa chama cha jamii cha msitu, mzee mmoja anayechunga ng'ombe wake humo humo. Tulipima tendwet ile kwa utepe wa fundi nguo, kwenye urefu wa mita 1.3 kama wanavyofanya wenyewe: sentimita 71 kukatiza shina. Akaniambia mzee, hiyo si kitu, inama. Mbegu zake hazikai sana, ama ziote upesi ama zife, kwa hivyo watoto wakiwepo watakuwa hapa karibu ama mahali nyani na ndege walipoangusha.

Tuliinama karibu saa nzima. Tulipata minne. Mmoja ng'ombe alikuwa ameshaukanyaga.