Shule ya Sekondari ya Serikali Huku Kijijini: Nani Aliijenga?

Katika kitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, ngoma na mambo ya mwami. Mimi niko mwalimu, basi nitasema juu ya kitu ambacho wengi hawakihesabu kati ya desturi zetu: shule ya sekondari ya Serikali.

Wakati wa Wabelgiji, mtoto wa kijiji alisoma kwa misioni. Sekondari zilikuwa chache sana, na aliyetaka kwenda mbele aliingia sana sana seminari ao shule ya kufundisha walimu. Mwaka wa 1954 waziri Auguste Buisseret alianza kufungua shule za Serikali zisizo za dini kwa ajili ya Wakongomani. Mapadri walikasirika sana, lakini ule ugomvi ulitupita mbali, kwani shule zile zilijengwa zaidi mijini.

Ni kisha uhuru ndipo sekondari zilienea vijijini. Mageuzi ya mwanzo wa miaka ya 1960 yalileta C.O., ile miaka miwili ya kwanza ambayo watoto wote wanasoma pamoja mbele ya kuchagua sehemu. Kwa kijiji ilikuwa rahisi: kalasi mbili, walimu wachache. Wazee wetu walienda ofisini kuomba ruhusa, wakaulizwa: majengo iko wapi? Basi kila jamaa ilitoa miti, nyasi na mikono. Ilikuwa ile ile kazi ya kumjengea mjane nyumba: mshahara hakuna, jioni kuna kasiksi. Watoto walibeba mawe kutoka mtoni. Hata mimi nilibeba, miaka mingi baadaye, wakati wa kuongeza kalasi.

Maana C.O. haikutosha. Watu walitaka kufika kalasi ya sita ili watoto wafanye mtihani wa Serikali ulioanza mwaka wa 1967, ule tunaita Exetat. Sehemu gani? Pedagojia, kama vijiji vingi. Pedagojia inaomba chaki na ubao, biokemia inaomba laboratware. Wengine husema watu wa kijiji wanapenda ualimu. Apana! Walichagua kile ambacho kuta zao ziliweza. Kijana aliyetaka kuwa munganga alienda kupanga mjini, kama baba yake alikuwa na ng'ombe wa kuuza. Dada yake alibaki.

Mwaka wa 1974 Mobutu alitia shule zote za dini mikononi mwa Serikali. Katika Februari 1977 akarudisha uongozi wake kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, kwa mapatano. Tangu pale kuna shule za mapatano na kuna za Serikali yenyewe. Yetu iko ya Serikali yenyewe, ni kusema haina askofu wa kuisemea. Bati likitoboka, prefe anaandika barua, na mvua haingojei jibu.

Kisha mshahara wa mwalimu ukafa. Kisha migomo mirefu, karibu mwaka wa 1992 na 1993, wazazi walianza kulipa prime ili walimu warudi kalasini. Mama yangu alilipa kwa maharagi. Yalipimwa kwa kopo mbele ya mlango wa ofisi, na mimi nikiangalia chini. Nilifukuzwa mara tatu juu ya prime. Leo ni mimi ninayekula prime ya wazazi wengine, na siku ya kufukuza watoto mimi ndiye ninayesoma orodha.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 jambo lile lilianza kutendeka. Sekondari haimo. Mzazi aliyepumua miaka sita anarudi kuhesabu maharagi.

Kwenye kibao cha mlango wetu wameandika jina la Jamhuri na la Wizara. Jina la jamaa hata moja hakuna. Kati ya wazee waliokata miti ya kwanza wamebaki wawili, na mmoja haoni tena. Siku za Mungu ninaenda kwao na daftari, wananitajia nani alitoa nini. Tumefika jamaa kumi na saba.