Gari la Moshi la Bububu na Zama za Injini Ndogo

Historia ya reli katika Afrika ya Mashariki aghalabu huandikwa kwa kipimo cha safari ndefu. Husimuliwa jinsi Reli ya Uganda ilivyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na jinsi Wajerumani walivyoanza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Hizo zilikuwa reli za kuvuka nyika, na waliozijenga walitazama mbali: maziwa, mipaka na mali ya bara. Lakini palikuwapo reli ya namna nyingine, iliyokwenda maili chache tu kutoka mjini hadi shambani. Hiyo haikuvuka nyika yo yote, wala haikubadili ramani, na kwa sababu hiyo imesahauliwa upesi. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua mashine inaishi kwa nini, na inakufa kwa nini, atapata mafunzo mengi zaidi katika reli hii fupi kuliko katika zile ndefu.

Safari fupi ina injini yake. Injini ya safari ndefu hukokota nyuma yake gari la pekee la kuchukulia makaa na maji, nayo hupendelea kwenda upande mmoja. Ikifika mwisho wa njia lazima igeuzwe kabla ya kurudi. Injini ya tangi haina gari hilo. Maji yake huwekwa katika matangi yaliyo ubavuni mwa boila, au juu yake, na makaa huwekwa nyuma ya mahali asimamapo dreva. Faida yake ni mbili. Kwanza, huenda mbele na kurudi nyuma bila kugeuzwa. Pili, uzito wa maji huyakandamiza magurudumu ya kuendeshea, nayo hushika reli barabara, hata injini ikaweza kuondoka upesi kila isimamapo. Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa: maji ni machache, na kadiri yanavyopungua, ndivyo uzito ule ulioisaidia unavyopungua. Kwa hiyo injini ya tangi ni mnyama wa karibu na nyumbani.

Nchi iliyoistawisha sana injini ya namna hii ni Ufaransa, na mji wake ni Paris. Mwaka 1859 ilifunguliwa njia ya kutoka Bastille kwenda Vincennes, nayo baadaye ikaendelea hadi vijiji vya bonde la mto Marne. Wafanya kazi na makarani waliokaa nje ya mji waliingia asubuhi na kutoka jioni, siku zote za kazi. Kati ya mwaka 1911 na 1917 Kampuni ya Reli ya Mashariki, iitwayo Est, iliagiza injini za tangi 112 kwa ajili ya kazi ya viungani mwa Paris. Kila moja ilikuwa na magurudumu manane ya kuendeshea, mawili ya kuongozea mbele, na mawili nyuma. Yaani ilikuwa na umbo lile lile, iende mbele au irudi nyuma. Baadhi yao ziliendelea kuvuta abiria wa Bastille hadi Desemba 1969, njia ilipofungwa na kazi yake kuchukuliwa na reli mpya ya umeme. Injini zilizoundwa kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilidumu basi mpaka mwaka ule ule binadamu alipokanyaga mwezi.

Afrika ya Mashariki haikungoja bara kupata injini ya tangi. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alijenga reli ndogo kutoka jumba lake la mjini kwenda jumba la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 aliagiza kwa kampuni ya Bagnall ya Uingereza injini ndogo ya tangi yenye magurudumu manne. Jambo hili lilitukia miaka 12 kabla Wajerumani hawajaanza kutandika reli ya Tanga mwaka 1893. Lakini reli ya Chukwani ilikuwa reli ya mtu mmoja. Seyyid Barghash alipofariki mwaka 1888, njia iling'olewa na injini ikavunjwa. Haikuwa na mtu mwingine wa kuihitaji.

Reli ya pili ya Unguja ilikuwa ya watu wote. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilianza kuijenga mwaka 1904, na mwaka 1905 magari yakaanza kwenda. Njia ilikuwa na upana wa futi tatu na urefu wa maili saba, kutoka Ngome Kongwe iliyo mbele ya bahari hadi kijiji cha Bububu, upande wa kaskazini. Ngome hiyo, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa, na ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kambi ya askari na gereza, sasa ikawa mahali pa kazi za reli. Picha za zamani zaonyesha gari la moshi likipita katika njia nyembamba za mjini, karibu mno na kuta za nyumba. Likitoka mjini lilielekea upande wa Maruhubi na Mtoni, yalipo magofu ya majumba ya wafalme, na kuwafikisha wanakijiji katika mashamba ya minazi. Wageni waliotelemka melini nao waliwekewa behewa la daraja la kwanza, waende kutazama mashamba na kurudi kabla meli haijang'oa nanga.

Wako wasemao kwamba jina la Bububu lilitokana na mlio wa gari hilo. Maelezo haya yanavutia, lakini si kweli. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alikaa Bububu kabla hajaondoka Unguja katika miaka ya 1860, naye aliitaja kwa jina lake katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886. Jina lililomo katika kitabu cha mwaka 1886 haliwezi kuwa lilizaliwa na gari la mwaka 1905. Wengine hulinasibisha na mlio wa maji ya chemchemi, na hakika upande ule ndiko zitokako chemchemi ambazo Seyyid Barghash alizitumia kuwaletea watu wa mjini maji kwa mifereji. Kosa hili dogo linaonyesha jambo kubwa: mashine ikiwa na kelele nyingi, hufunika kumbukumbu ya mambo yaliyoitangulia. Watu husahau kuwa kijiji kilikuwapo, na kisima, na shamba, na binti wa mfalme aliyekaa hapo, wakadhani historia ilianza siku ya filimbi ya kwanza.

Mwaka 1911 Serikali ya Unguja iliichukua reli kutoka kwa Wamarekani. Barabara zikazidi kutengenezwa, motakaa zikaongezeka, na abiria wakapungua. Mwaka 1922 safari za abiria zilikoma. Injini zilizobaki zikapewa kazi ya kuchukua mawe ya kujazia bahari palipotengenezwa bandari, na kabla miaka ya 1920 haijapita reli ikauzwa kama vyuma chakavu. Maisha yake yote yalikuwa takriban robo karne, hali njia ya Bastille iliishi miaka 110.

Tofauti hii haikutokana na ubora wa injini. Mtu wa viungani mwa Paris alikuwa na kazi mjini na kitanda nje ya mji, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na usafiri mwingine wa kuwachukua maelfu kwa saa moja. Reli ilizaa viunga, na viunga vikailisha reli. Mwanakijiji wa Bububu hakuwa karani wa kwenda na kurudi kila siku. Alikwenda mjini alipokuwa na cha kuuza au cha kununua. Mteja wa namna hiyo huweza kungoja, na awezaye kungoja huchagua. Ilipokuja motakaa, iliyosimama penye mlango wa mtu badala ya kumtaka aende stesheni, alichagua. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini hapa kipya hakikuwa kinyemi tu, kilikuwa pia na barabara iliyotengenezwa na Serikali ile ile iliyomiliki reli.

Kwamba jambo hili halikuwa la Unguja peke yake huonekana mtu akitazama pembe nyingine ya nchi, katika Nyanda za Juu za Kusini. Miaka ile ile reli ya Bububu ilipokuwa ikifa, wachimbaji walikuwa wakikusanyika katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, kaskazini ya Mbeya, ambako ndiko iliko Makongolosi. Mwaka 1929 mhandisi Clement Gillman alitoa ripoti ya upimaji wa njia ya reli ya kuifungua pande ya kusini-magharibi ya Tanganyika, lakini reli hiyo haikujengwa. Dhahabu hubebwa mkobani, haijazi mabehewa. Na vilivyohitajiwa na mchimbaji, yaani unga, sururu na pampu, viliweza kuchukuliwa na lori. Basi Makongolosi ilitoka katika bega la mpagazi ikaingia moja kwa moja katika lori, bila kuisikia filimbi ya injini ndogo. Reli ilipofika Mbeya katika miaka ya 1970, ilikuwa ni TAZARA, reli ndefu ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, na injini zake zilikuwa za dizeli.

Kwa hiyo zama za injini ndogo katika Afrika ya Mashariki zilikuwa mwanya mwembamba, kati ya bega la mpagazi na gurudumu la lori. Unguja iliingia katika mwanya huo mara mbili. Makongolosi ilifika ukiwa umekwisha kufungwa. Si haki kusema kwamba ya kwanza iliendelea na ya pili ilichelewa. Reli ya Chukwani ilimtegemea mfalme mmoja, ikafa naye. Reli ya Bububu iliwategemea watu wengi waliopanda mara chache, ikafa walipopata njia nyingine. Reli ya Bastille iliwategemea watu wengi waliopanda kila siku, ikadumu. Mwenye kupanga reli ya mji wo wote leo hana budi kwanza kuhesabu, si maili za njia, bali watu ambao kesho asubuhi hawatakuwa na la kufanya ila kuipanda.